Je, wajua kwa nini daktari haridhiki hata moyo ukishatulia?

Katika ugonjwa wa mapigo uitwao flata ya atiria, umeme wa moyo huzunguka chumba cha juu cha kulia bila kupumzika, takribani mara 300 kwa dakika, ukiizunguka vali inayokitenga chumba hicho na kile cha chini. Katika aina iliyozoeleka, kila mzunguko hupita kwenye shingo nyembamba ya nyama iliyo kati ya vali hiyo na mshipa mkuu unaoleta damu kutoka sehemu ya chini ya mwili. Hapo ndipo daktari, akiwa amepitisha katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye mshipa wa kinena, huchoma mstari kwa nishati ya mawimbi ya redio ili kovu likate njia.

Mara nyingi mapigo hutulia ghafla kabla mstari haujakamilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 utulivu huo ulihesabiwa kuwa ushindi, na ugonjwa uliwarudia wagonjwa wengi. Nyama iliyoungua nusu huchelewa kujiweka tayari baada ya kila pigo, kwa hiyo hushindwa kuhimili mara 300 kwa dakika, lakini mapigo 70 huyapitisha bila shida. Nyingine imepigwa ganzi na joto tu, nayo itazinduka baadaye. Ndiyo maana madaktari wengi husubiri hadi dakika 20 au 30 na kupima upya.

Kipimo chenyewe, kwa maoni yangu, ni cha kupendeza mno. Daktari huuchochea moyo kwa umeme mdogo karibu kabisa na mstari, kisha huhesabu milisekunde mpaka ishara ifike ng'ambo yake. Halafu huchochea tena kutoka mahali palipo mbali zaidi na mstari. Pakiwa na upenyo, ishara huchelewa zaidi, kwa kuwa safari imerefuka. Mstari ukiwa umeziba kweli, ishara huwahi: umeme hauna budi kuizunguka vali kwa juu, na anayeanzia mbali na ukuta uliozibwa ni kama ameshaanza safari hiyo ya kuzunguka.

Jaribio hufanywa pia kutoka upande wa pili, kwani kovu linaweza kuzuia umeme wa upande mmoja na kuuachia wa upande mwingine, ilhali flata huweza kupita njia ileile kwa mwelekeo wowote kati ya hiyo miwili.