Je, wajua kwa nini Wayahudi hawamwoni bikira katika Isaya 7:14?

Kila Krismasi, makanisani husomwa maneno haya ya nabii Isaya: "Tazama, bikira atachukua mimba." Mathayo aliyanukuu alipoeleza kuzaliwa kwa Yesu. Myahudi akiyasoma kwa Kiebrania, hamkuti bikira hapo. Anamkuta almah.

Wayahudi husema almah ni msichana aliyekwisha kuvunja ungo, mwanamwali: neno linataja umri wake, halisemi kama amemjua mume. Lina mwenzake wa kiume, elem, ambalo Mfalme Sauli alilitumia alipouliza kijana Daudi ni mtoto wa nani. Hakuna anayedhani Sauli alikuwa akichunguza ubikira wa Daudi!

Bikira alitokea wapi basi? Kwenye Kigiriki. Karne mbili tatu kabla ya Kristo, Wayahudi wenyewe walitafsiri Maandiko kwa lugha hiyo, na hapo kwenye almah wakaweka parthenos, neno ambalo kwa kawaida ni bikira. Wakristo hushika hoja hii, nayo si dhaifu: watafsiri hao hawakuwa na sababu yoyote ya kumpendelea Yesu. Wayahudi hujibu kwa kufungua tafsiri ileile, Mwanzo 34:3, ambapo Dina anaitwa parthenos baada ya Shekemu kumnajisi. Katika karne ya 2 BK, Aquila, mtu aliyeingia dini ya Kiyahudi, alitafsiri upya kwa Kigiriki na kuandika neanis, mwanamke kijana.

Kwangu mimi, hoja yao nzito zaidi haimo kwenye kamusi. Soma sura nzima. Ni miaka ya 730 KK. Ahazi, mfalme wa Yuda, anatetemeka kwa sababu wafalme wa Shamu na Israeli wameungana kumpiga. Isaya anampa ishara: almah atazaa mwana, na kabla mtoto huyo hajajua kukataa mabaya na kuchagua mema, nchi za wafalme hao wawili zitakuwa ukiwa. Mnamo 732 KK, Waashuru waliiteka Dameski, mji mkuu wa Shamu. Wayahudi huuliza, mtoto wa kuzaliwa miaka mia saba baadaye angemtuliza vipi Ahazi? Wakristo wengi hujibu kwamba unabii unaweza kutimia mara mbili.

Mtoto alikuwa nani, hapo Wayahudi wenyewe hawapatani. Katika mjadala ulioandikwa na Mkristo Justin karne ya 2, Myahudi Trypho anasema ni Hezekia, mwana wa Ahazi. Rashi, mfasiri Myahudi wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, alipiga hesabu akakataa. Ahazi alitawala miaka 16, na Hezekia alimrithi akiwa na miaka 25. Basi baba alipotawazwa, mwana alikuwa tayari na miaka tisa. Mwanamwali huyo, kwa Rashi, ni mke wa Isaya mwenyewe.