Kuzidiwa: mtoto mwenye usonji anapojitupa chini sokoni

Kiswahili tunalo neno kuzidiwa. Mgonjwa akibadilika usiku, ndugu wakaanza kutafuta gari, tunasema kazidiwa. Punda aliyebebeshwa magunia hadi magoti yakalegea naye kazidiwa, na hakuna anayemuuliza punda kiburi amekitoa wapi. Mtoto mwenye usonji anapojitupa chini katikati ya soko, kaziba masikio na kupiga kelele, neno linalomfaa ni hilohilo. Wapita njia wana mengine: kadekezwa, hana adabu, kapandwa na mashetani.

Usonji ni namna ubongo wa mtoto ulivyokua, tangu mapema kabisa, na sehemu yake moja ni jinsi unavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso. Leo Kanner, daktari wa Baltimore aliyeandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 wenye hali hii, aliorodhesha vitu vilivyowatia hofu baadhi yao: mashine ya kusafisha zulia, lifti, maji yanayotiririka, hata upepo. Pamoja na hayo, ni toleo la tano la mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, lililotoka 2013, ndilo lililotaja tofauti hizi za milango ya fahamu waziwazi katika vigezo vya usonji. Miaka sabini! Wazazi walikuwa wanaliona kila siku.

Mfikirie mtoto huyu ndani ya daladala saa moja asubuhi. Konda anagonga bati, spika ya nyuma inadunda, kuna harufu ya jasho na samaki, kiwiko cha mtu kiko begani, na lebo ya shati la sare inakwaruza shingo. Ubongo wangu na wako huyachuja haya, mpaka tunashuka bila kukumbuka wimbo gani ulikuwa unapigwa. Kwake yanaweza kuingia yote kwa pamoja, hakuna lililo dogo. Kila kimoja kinaongeza gunia. Ndiyo maana mara nyingi kinachomwangusha ni kitu cha kijinga, kikombe cha rangi nyingine au njia iliyobadilishwa, na mzazi anabaki anashangaa: yaani kikombe tu? Kikombe kilikuwa gunia la mwisho.

Sasa, utamtofautishaje na anayedeka? Anayedeka ana kitu anachokitaka na ana mtu anayemlilia. Ukimpa ile soda, kilio kinakatika na machozi bado yako shavuni. Atakuchungulia kuona kama unamtazama, na ataangalia asijigonge. Aliyezidiwa hana hesabu hizo. Mpe soda, ataitupa. Anaweza kujing'ata mkono au kugonga kichwa ukutani, na tufani haikatiki mpaka iishe yenyewe. Ikipita, analala kama mtu aliyetoka kulima, au anakuja kushika upindo wa kanga yako bila kusema neno. Ugumu ni kwamba mtoto huyohuyo naye siku nyingine hudeka, maana ni mtoto. Utakosea mara kadhaa, na yeye atakusamehe.

Wapo pia wanaozidiwa kimya. Huyu haangui kilio. Anazimika, haitiki, anajikunja chini ya meza. Mwingine anajikaza shuleni siku nzima, mwalimu anamsifu kwa utulivu, halafu akifika nyumbani, kabla hajavua viatu, anawaka. Hapo mama ndiye anayelaumiwa, eti shuleni mbona yuko sawa. Nguvu zote za kujizuia amezimalizia huko.

Wakati tufani imeshaanza, kazi ya mzazi ni kupunguza magunia. Maneno machache, sauti ya chini, hakuna maswali. Mtoe kwenye kelele kama inawezekana, ondoa cha kumuumiza, waombe watu wasogee. Kumchapa ni kumwongezea maumivu juu ya mzigo ambao tayari umemshinda. Na kumkumbatia? Inategemea mtoto. Temple Grandin, profesa Mmarekani wa sayansi ya mifugo mwenye usonji, amesimulia kwamba utotoni alitamani kukumbatiwa lakini akikumbatiwa alizidiwa. Ujanani alijitengenezea mashine ya kuubana mwili wake kwa kiasi anachotaka mwenyewe, baada ya kuona ng'ombe wanavyotulia wakibanwa kwenye kizimba cha chanjo. Kwa hiyo mnyooshee mkono, usubiri. Akija, mbane vizuri. Mguso mwepesi wa kupapasa huwaudhi wengi zaidi kuliko kubanwa.

Lakini faida kubwa iko kabla. Weka daftari la kawaida, andika kila tukio: saa ngapi, mlikuwa wapi, alikula nini, alilala vipi. Baada ya wiki chache utaona mambo yanajirudia, pengine ni njaa ya saa kumi, pengine ni kengele ya shule. Dalili za mwanzo nazo utazijua, kama kutikisa viganja haraka kuliko kawaida au kurudia sentensi moja. Usimkataze kutikisa, ndivyo anavyojituliza. Kata lebo za nguo. Nendeni sokoni mapema kabla hapajafurika. Kama kuna harusi, mchoree kwenye karatasi kitakachotokea, mkae mbali na spika, na mkubaliane na shemeji mapema kwamba mtaondoka hata kabla ya keki. Bibi akinung'unika kwamba zamani watoto walikuwa hawafanyi hivi, mwambie kwa adabu, "Mama, kelele zinamuuma kweli," kisha mwombe apunguze redio. Ombi dogo la namna hii hufanikiwa kuliko mhadhara juu ya ubongo.

Jambo moja usilibebe peke yako. Mtoto ambaye hazungumzi, akianza ghafla kulipuka mara kwa mara kuliko alivyozoea, huenda ana jino bovu, sikio linauma au amefunga choo siku nyingi, na hana njia nyingine ya kukueleza. Kifafa nacho huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine. Akikodoa macho asisikie hata akiguswa, akikakamaa au akipoteza fahamu, mpeleke hospitali, na daftari lako uende nalo.