Mita 12 za maji ambazo kamera yangu haikuziona

Video ya kwanza niliyopiga Hopewell Rocks, miamba ya pwani huku Kanada, nilimtumia mjomba wangu aliyeko Tanga, mtu aliyevua samaki tangu kabla sijazaliwa. Nilikuwa na hakika kwamba atashangaa, kwa sababu nilimwonyesha mahali ambapo asubuhi watu hutembea juu ya sakafu ya bahari na mchana wengine hupita hapohapo kwa mitumbwi midogo. Baada ya saa moja alinijibu kwa ujumbe wa sauti: "Marahaba, mpwa wangu. Nimeona mawe, halafu nimeona maji. Sasa hayo maji yamepanda saa ngapi?"

Swali hilo lilinivunja moyo, kisha likanifundisha kazi. Naishi Moncton, katika jimbo la New Brunswick mashariki mwa Kanada, na kazi yangu ni kupiga video za mambo ya ajabu ambayo wenyeji wameyazoea kiasi cha kutoyatazama tena. Watazamaji wangu wengi wanafahamu Kiswahili, na wengi wao wamekulia pwani, kwa hiyo maji kujaa na kupwa si habari mpya kwao. Kumwambia mtu wa Tanga kwamba bahari hupanda na kushuka ni sawa na kumwambia kwamba jua huchwa. Jambo ninalopaswa kumwonyesha ni kiasi, na kiasi ndicho kitu ambacho kamera hukiwasilisha vibaya kuliko vyote.

Nyumbani, wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa zaidi, tofauti kati ya maji makavu na maji makuu hukaribia mita 4. Katika Ghuba ya Fundy, iliyo kati ya New Brunswick na Nova Scotia, tofauti hiyo pale Hopewell Rocks hufikia mita 14, na upande wa pili, Burntcoat Head, huzidi mita 16. Mwezi ni uleule, na bahari ya Atlantiki iliyo nje ya ghuba haina maajabu ya namna hiyo. Siri imo katika umbo la ghuba. Aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani anajua kwamba upo mwendo mmoja ambao ukiuchukua, maji huanza kuyumba na kumwagika, ndiyo maana watu huweka tawi lenye majani juu ya maji ili kuyatuliza. Kila chombo chenye maji kina muda wake wa kuyumba kwenda na kurudi. Muda wa Fundy, pamoja na Ghuba ya Maine inayoungana nayo, ni takribani saa 13, nao mwezi huyasukuma maji kila baada ya saa 12 na dakika 25. Kwa kuwa mwendo wa mbebaji na mtikisiko wa ndoo karibu unalingana, kila msukumo huongeza nguvu juu ya ule uliotangulia. Isitoshe, kadiri ghuba inavyoingia bara ndivyo inavyokuwa nyembamba na yenye kina kifupi, kwa hiyo maji hayana pa kwenda isipokuwa juu.

Kwa nini basi mjomba hakuona kitu? Kosa langu lilikuwa lile la kila mpiga video mgeni: nilitumia lenzi pana ili kila kitu kiingie, nikapiga dakika chache maji yakiwa yamekupwa, nikarudi baada ya saa sita nikapiga dakika nyingine chache. Mtazamaji alipata picha mbili zisizo na uhusiano. Mara ya pili nikaenda upande wa pili wa kosa hilohilo. Niliiacha kamera kwenye jukwaa la juu ikipiga picha moja kila sekunde 10 kwa saa sita, nikapata picha 2,160, ambazo kwa kasi ya picha 30 kwa sekunde ni video ya sekunde 72. Ilipendeza, na ilitazamwa na watu wengi, lakini mimi sikuiridhia. Bahari iliyopanda kwa sekunde 72 haina uzito. Huonekana kama maji ya bomba yanayojaza sinki.

Nilichokuja kukigundua ni kwamba maji ya Fundy yana kasi ambayo jicho linaweza kuiona bila hila yoyote, mradi uchague saa. Mabaharia wana kanuni ya kugawa kujaa kwa maji katika sehemu 12: katika saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, ya tano sehemu 2, na ya sita sehemu 1. Siku ambayo maji yatapanda mita 12, kila sehemu ni mita nzima, kwa hiyo katika saa ya tatu hupanda mita 3, yaani sentimita 5 kwa dakika. Bahati nzuri, wageni huruhusiwa kutembea chini ya miamba hadi karibu saa tatu baada ya maji kupwa kabisa, kwa hiyo saa ya tatu humkuta mtu bado yuko chini, ingawa wahudumu wameanza kuwaelekeza watu kwenye ngazi.

Hapo ndipo nilipoweka kamera chini kabisa, lenzi ikiwa usawa wa goti, nikasimama mbele yake na buti zangu za mpira, nikanyamaza. Maji yale si ya buluu. Ni ya kahawia iliyoiva, mazito kwa udongo. Yalipofika yalilamba soli, yakajaza nafasi kati ya kokoto moja na nyingine kwa sauti ndogo ya kumeza, kisha yakaupita mshono wa buti. Kokoto moja yenye mstari mweupe, kubwa kama yai la bata, ilikuwa kavu yote nilipoanza kuhesabu. Dakika moja baadaye ilikuwa imezama na mstari wake haukuonekana tena. Video hiyo haina muziki wala haijakatwa mahali. Mjomba alijibu siku hiyohiyo: "Hapo nimeyaona. Toka, kijana."

Kisha akaniuliza swali la kitaalamu ambalo hakuna mtazamaji wangu wa Kanada aliyewahi kuniuliza: bamvua la huko huja mwezi ukiwa wa siku ngapi? Nyumbani hesabu hiyo ni rahisi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku moja au mbili baadaye maji huwa makubwa. Ukiwa nusu, ni maji mafu. Wanawake wanaolima mwani Paje, Zanzibar, hupanga kazi zao kwa hesabu hiyo. Nilidhani hesabu hiyohiyo ingenifaa Fundy, nikapoteza safari mbili. Huku, jambo lenye nguvu zaidi kuliko mwandamo na mpevu ni umbali wa mwezi wenyewe, kwa maana kila baada ya siku 27 na nusu hivi mwezi hukaribia dunia, na siku hizo ndizo maji hufura. Mwezi mpevu ulio mbali unaweza kukupa maji ya kawaida tu. Mambo hayo mawili yakikutana, kama yanavyokutana kila baada ya miezi saba hivi, ndipo ghuba huonyesha uwezo wake wote. Usiku wa tarehe 4 kuamkia tarehe 5 Oktoba 1869, kimbunga kiliifikia Fundy wakati mwezi ukiwa karibu na maji yakiwa juu, na bahari ikapita juu ya matuta yaliyokuwa yakilinda mashamba. Tangu nilipoelewa hayo, kalenda yangu ya kazi huandikwa kwa umbali wa mwezi kwanza, hali ya hewa baadaye.

Ajabu nyingine ya maji haya iko mjini kwangu, na naikiri kuwa ngumu kuipiga picha kuliko zote. Maji ya Fundy yanapoanza kujaa, ncha yake huingia Mto Petitcodiac ikiwa wimbi moja linalopanda mto kinyume na mkondo, limetanda kutoka ukingo hadi ukingo. Waakadia, ambao ni wazungumzaji wa Kifaransa wa huku, huliita mascaret. Katikati ya Moncton kuna bustani ndogo kando ya mto ambapo saa za kufika kwake hutangazwa, nao watu wa mjini hupita na kahawa mkononi bila kugeuka. Mwaka 1968 lilijengwa tuta la barabara lenye milango kuvuka mto kwenda Riverview, tope likajaa chini yake, na wimbi likadhoofika hadi likawa kitu cha kuchekesha wageni. Milango ilifunguliwa Aprili 2010, mto ukaanza kujichimbia njia yake upya, na mwaka 2013 Wamarekani wawili wakapanda mbao zao juu ya wimbi hilo na kwenda nalo kilomita 29. Daraja la kuchukua nafasi ya sehemu ya tuta lilikamilika 2021. Ushauri wangu kwa anayetaka kulirekodi ni kwamba aanze na kinasa sauti. Wimbi husikika kabla halijatokea kwenye kona, kama koleo linalokwaruza changarawe mbali, na mtazamaji anayelisikia kwa sekunde 20 kabla ya kuliona huwa amekwisha kuliamini.

Baada ya miaka ya kupambana na kamera inayopunguza ukweli, nilikutana na mahali ambapo kamera huongeza uongo. Magnetic Hill, nje kidogo ya Moncton, ni barabara fupi ambapo dereva hushuka hadi kwenye nguzo nyeupe, huweka gia kwenye nyutro, huachia breki, na gari hurudi nyuma likipanda kilima lenyewe. Waandishi wa magazeti waliitangaza mwaka 1933 na tangu hapo watu hulipa kiingilio ili kurudishwa nyuma. Hakuna sumaku. Ardhi yote ya eneo lile imeinama, miti inauficha upeo wa macho, na jicho lililokosa mstari wa kulinganishia huuona mteremko mdogo kuwa mpando. Wakenya wanaufahamu mchezo huo kutoka Kyamwilu, Machakos, ambako maji humwagwa barabarani yakaonekana kupanda. Ukiyaweka hayo kwenye video, udanganyifu hauondoki. Kamera huona kile ambacho jicho huona, na watu huandika chini yake habari za mashetani.

Niliamua kutumia kifaa ambacho kila fundi mwashi wa kwetu anakifahamu: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, mita 15, uliojazwa maji yenye rangi nyekundu. Maji katika ncha mbili za mpira husimama usawa mmoja, haidhuru ardhi imekaaje. Nilifunga kila ncha kwenye fimbo yenye urefu sawa, nikasimamisha moja pale jicho linaposema ni bondeni na nyingine pale linaposema ni juu. Katika fimbo ya "juu" maji yalipanda hadi karibu kumwagika, maana yake ni kwamba pale ndipo palipokuwa chini, na tofauti ilizidi shubiri moja.

Nilifurahi mno, nikaichapisha usiku uleule. Asubuhi nikakuta ujumbe wa fundi mmoja wa ujenzi aliyesimamisha video katika dakika ya pili na kuitazama kwa jicho la kazi: ndani ya mpira kulikuwa na kipovu cha hewa, na mpira wenye kipovu haupimi kitu. Alikuwa sahihi. Jumamosi iliyofuata nilirudi, nikalipa kiingilio cha gari kwa mara ya pili, nikaujaza mpira polepole kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa mpaka hewa yote ikatoka, nikapima upya. Tofauti ilipungua kwa upana wa vidole viwili, lakini upande wake haukubadilika.