Nakshi ya Sweta Haitiwi, Hufumwa

Kila mwaka kusi ikishika, na akina mama wa Mombasa wakakumbuka kwamba watoto wachanga nao huhisi baridi, mimi huletewa ombi lile lile: "Nitilie nakshi kwenye sweta hii." Sweta yenyewe huwa imekwisha kufumwa, na anachotaka mwenyewe ni maua ya uzi yashonwe juu yake. Hiyo ni tarizi. Nakshi ya ufumaji ni miinuko na mabonde yanayotokana na mpangilio wa vitanzi vyenyewe: kitanzi kikivutwa kuja mbele uso hubaki laini, kikivutwa kwenda nyuma huacha kituta.

Kinachonikera zaidi ni kile kitenzi "kutia". Neno nakshi limetokana na Kiarabu, naqsh, ambalo maana zake ni pamoja na kuchonga, na ukitaka kuielewa maana hiyo huna haja ya kamusi. Nenda Mji wa Kale ukasimame mbele ya mlango wowote wa zamani. Fundi hakuubandikia mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, yale maua na minyororo, bali aliupunguza mti kwa patasi hadi maua yakajitokeza, kwa hiyo ukipitisha kidole juu yake, ua na mfaa ni mti mmoja, na ukitaka kuliondoa ua itakubidi uuharibu mfaa. Tarizi ina nasaba nyingine, maana imetujia kupitia Kiarabu kutoka Kiajemi, nayo huja baada ya kitambaa kuwapo na yaweza kufumuliwa kitambaa kikabaki. Nakubali kwamba watu wa Bengal huita nakshi hata mifarishi yao ya kutariziwa, na kwamba sisi wenyewe husema mtu ametia nakshi maneno yake; kwa maneno sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni wa sweta, kwa sababu huko kosa la neno huwa kosa la vipimo. Tuseme umeupenda mnazi, si makuti yake bali shina, lenye makovu ya mviringo yaliyoachwa na makuti yaliyoanguka, na nafasi kati ya kovu na kovu hazilingani. Kovu hufumwa kwa safu chache za vituta zinazokatiza uso laini. Lakini safu hizo hujikunja na kuivuta nguo ipungue urefu. Katika sampuli yangu ya uzi wa pamba, sentimita 10 za ufumaji laini zilichukua safu 30, na zenye makovu zikachukua 34, baada ya kufuliwa na kukauka. Sweta ya mtoto yenye kiwiliwili cha sentimita 36 huhitaji safu 108 ikiwa laini. Ukizifuma safu hizo hizo 108 kwa makovu, utapata kama sentimita 32, na tumbo la mtoto litabaki nje. Kwa hiyo mfumaji huanza na nakshi. Kwa kuwa mpangilio wangu wa makovu hujirudia kila baada ya safu 24, naurudia mara tano, napata safu 120, yaani zaidi kidogo ya sentimita 35, na hiyo iliyopungua huimalizia kwenye pindo. Mabega, shingo na mahali pa vifungo hupangwa baadaye, ili kovu lisikatwe katikati na shingo.

Juzi mama mmoja aliniletea sweta nyeupe, laini, iliyofumwa vizuri kabisa, akaniomba niitie nakshi ya mnazi. Nilimwambia, "Mamangu, hii nitakutarizia mnazi mzima na makuti yake ukitaka, na itapendeza. Lakini ukitaka nakshi, niletee vipimo vya mtoto na uzi, sweta hii mvishe kama ilivyo."