Deskitopu pepe na wimbo wa "lakini sisi tuna Mbps 100"

Wiki hii nimeusikia tena: "Fundi, tuna faiba ya Mbps 100, deskitopu pepe itakuwaje nzito?" Deskitopu pepe ni kompyuta inayofanya kazi ndani ya seva, yaani kompyuta kubwa iliyoko kwingine; wewe unaona skrini yake tu. Seva ikiwa mbali, itakuwa nzito, tena sana.

Mbps ni kipimo cha mzigo unaopita kwa sekunde, na kazi za ofisini hazina mzigo mkubwa. Picha ya skrini inakuja kwako; herufi unazobonyeza na mwendo wa kipanya vinakwenda kwenye seva. Kinachotesa watu ni muda wa kwenda na kurudi. Ukiwa Dar na seva iko Ulaya, unahesabu milisekunde mia na zaidi, na hata ununue Mbps 1,000, umbali uko pale pale. Nilimkuta mhasibu anaandika 450,000. Sifuri mbili za mwisho zikachelewa kutokea, akadhani hazijaingia, akabonyeza tena. Mara zikamwagika zote: milioni 45. Bosi wake alitaka kupandisha kifurushi!

Microsoft wana vituo vya seva Johannesburg tangu 2019, Amazon wako Cape Town tangu 2020. Anzia huko. Lakini upime, maana kuna watoa huduma ya intaneti ambao hata safari ya Johannesburg huizungusha Ulaya kwanza. Pima saa nne asubuhi siku ya kazi, watu wote wakiwa mezani, kwa waya. Muuzaji akikuonyesha majaribio ya Jumapili jioni kwenye ofisi tupu, mpe chai umuage.

Wimbo mwingine: "Virusi havitugusi, kila kitu kiko kwenye seva." Deskitopu yenyewe inaweza kuwa inafutwa na kuanza upya kila mtu anapotoka, sawa. Folda za pamoja hazifutwi, na virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa vinazitafuta hizo hizo. Bakapu, yaani nakala za akiba za mafaili, iko pale pale kwenye orodha ya lazima.

Na wengine: "Umeme ukikatika kazi imepotea." Hapana. Mashine inaendelea kuwaka kule kwenye seva. Ukirudi hewani kabla muda ambao seva imewekewa kukusubiri haujaisha, unaikuta sentensi ulipoiachia.

Na hili la kwamba deskitopu pepe ni nafuu: mashine za kulipia kwa saa zisipozimwa zinahesabu hata usiku. Kuna ofisi nilikuta kumi zimewaka mwezi mzima, wafanyakazi wakiamini kwamba wakifunga dirisha wameshazima.