Je, wajua kwamba joto la jua linaweza kugeuzwa umeme bila kuzungusha chochote?

Paneli za sola tulizozizoea mapaani hutumia mwanga wa jua, wala si joto lake. Tena joto likizidi, umeme wake hupungua. Kipo, hata hivyo, kifaa kisicho na mvuke wala sehemu inayosogea, ambacho hugeuza joto lenyewe kuwa umeme.

Msingi wake uligunduliwa mwaka 1821 mjini Berlin, pale mwanafizikia Thomas Johann Seebeck alipounganisha metali mbili tofauti zikafanya mzunguko, akapasha moto kiungio kimoja, na kuona sindano ya dira iliyokuwa karibu ikigeuka. Yeye alidhani joto limezaa usumaku. Hans Christian Ørsted wa Denmark ndiye aliyetambua kwamba ulikuwa ni mkondo wa umeme. Elektroni za upande wa moto huwa na nishati zaidi, hivyo husambaa kuelekea upande wa baridi na kurundikana huko, na mrundikano huo ndio unaoleta volti. Kipande kilichopata moto sawasawa pande zote hakitoi umeme hata kidogo, kwa sababu kinachohitajika ni tofauti ya joto, si joto tu.

Ugumu wote umejificha hapo. Sufuria ya alumini hupitisha umeme vizuri, lakini joto nalo hufika upesi kwenye mkono wake. Mwiko wa mti huzuia joto, ila umeme haupiti. Inatakiwa dutu yenye tabia ya sufuria kwa umeme na ya mwiko kwa joto, na dutu za namna hiyo ni adimu. Inayotumika zaidi ni teluridi ya bismuthi (muungano wa elementi za bismuthi na teluri), ambayo jozi moja ya vipande vyake, kwa tofauti ya nyuzi 100 za Selsiasi, hutoa takriban volti 0.04 tu, ndiyo maana jozi nyingi huunganishwa mfululizo.

Mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya MIT na Boston College, nchini Marekani, waliweka sahani pana inayofyonza jua juu ya vipande vidogo vya aina hiyo, ndani ya kioo kilichoondolewa hewa ili joto lisipotee, wakapata ufanisi wa asilimia 4.6. Paneli za kawaida hufikia asilimia 20 hivi, kwa hiyo sioni kifaa hiki kikizing'oa mapaani. Faida yake iko kwingine: upande wa baridi ukipozwa kwa maji, maji hayo hutoka yakiwa na joto la kutosha kuogea.