Je, wajua kwa nini taa ya gari iliyosuguliwa msasa hurudi kung'aa ikipigwa klia?

Anayejifunza kupiga rangi taa za gari hufika mahali mkono ukasita. Taa ya nyuma imefunguliwa, imeoshwa, inameta mezani, halafu fundi anampa msasa wa maji namba 800 na kumwambia asugue yote, asibakize hata kona. Taa ikikauka, kioo kimepauka kuwa cheupe na balbu ndani haionekani tena. Kisha inapulizwa klia, ule mkupuo wa juu usio na rangi, na weupe unatoweka mbele ya macho. Mikwaruzo imekwenda wapi?

Haijaenda popote. Wengi huamini kwamba klia huiyeyusha, au kwamba huing'arisha kama dawa ya kupolishia. Ingekuwa hivyo, taa ambayo klia yake imebambuka ingekuwa safi chini yake. Itazame kwa karibu: pale ganda lilipotoka pana baka jeupe, na ndani ya baka unaona mistari ileile ya msasa, ikielekea kulekule mkono ulikopita. Zaidi ya hayo, tina kali (kimiminika cha kuzimulia rangi na klia) inayoyeyusha plastiki ya taa haiinyooshi. Huiachia nyufa nyembamba kama nywele ambazo hazitibiki. Wapo pia wanaodhani weupe ule ni vumbi la plastiki, wakaifuta taa kwa kitambaa cha maji mara tatu, nne. Ikiwa bado mbichi inaonekana safi, ikikauka weupe unarudi palepale.

Hayo maji ndiyo yanayofichua siri. Mwanga hewani huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndani ya polikaboneti, plastiki ya taa nyingi za mbele, hushuka hadi kama 190,000. Ndani ya akriliki, inayotumika sana kwa taa za nyuma, ni kama 200,000. Mwanga unapobadili mwendo mpakani, hupinda, na sehemu yake hurudishwa. Uso ukiwa laini, miali yote hupinda kwa mpango mmoja na unaona hadi ndani. Ukiwa na mifereji ya msasa, kila ukuta wa mfereji umeinama upande wake, miali inatawanyika huku na huko, na jicho linasoma mtawanyiko huo kuwa weupe. Plastiki yenyewe haijabadilika rangi hata kidogo.

Klia hufukuza hewa mferejini. Ndani yake mwanga huenda kwa mwendo unaokaribiana sana na ule wa plastiki, kwa hiyo ukifika kwenye mkwaruzo haupindi kiasi cha kuonekana. Kati ya hewa na polikaboneti, asilimia 5 hivi ya mwanga hurudishwa. Kati ya klia na polikaboneti, haifiki hata asilimia 0.1. Karatasi iliyofungiwa mandazi hufanya vivyo hivyo: mafuta yakijaza nafasi kati ya nyuzi zake, herufi za upande wa pili zinasomeka.

Masharti yapo. Chembe za msasa namba 800 zina upana wa mikroni 22 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na klia ya kawaida hukauka ikiwa na unene wa mikroni 50 au zaidi, basi mifereji inafunikwa vizuri. Msasa mkavu wa namba 180 huchimba zaidi, na klia ikisinyaa tina inaporuka, mistari hujichora upya juu. Bunduki ya kupulizia nayo ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye taa. Ikiwa mbali mno, matone hufika yamekauka nusu, uso unabaki na chembechembe, na mwanga unatawanyika tena, safari hii juu ya klia.

Hadina, dawa ya kugandishia inayochanganywa na klia, ina kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo zinaweza kumletea mpulizaji pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haizizuii.

Anayetaka taa ya kiza huongeza rangi nyeusi kidogo kwenye klia. Hapo hesabu hugeuka kali. Mkupuo unaopitisha nusu ya mwanga huiachia taa ya breki nusu ya nguvu yake. Lakini kile kiakisi chekundu, kinachorudisha mwanga wa gari la nyuma usiku hata taa zako zikiwa zimezimwa, mwanga wake hupita kwenye mkupuo mara mbili, kuingia na kutoka, hivyo kinabakiwa na robo tu. Gari lililoharibika kando ya barabara gizani, betri ikiwa imekufa, linategemea robo hiyo. Kwa hiyo kabla ya kupuliza rangi ya kiza, kiakisi kifunikwe kwa tepu ya karatasi, kisha klia tupu ipite juu ya vyote.